Mawese yapanda, makaa yashuka: Kwa baiskeli kutoka Rumonge hadi Bururi

Ukitaka kujua watu wa nchi wanakula nini na wanaishije, kaa asubuhi kando ya barabara yao ya kupandia mlima. Kusini mwa Burundi, barabara hiyo ni ile inayoacha Rumonge, mji wa pwani ya Ziwa Tanganyika, na kukwea hadi Bururi. Wanaopanda wamebeba madumu ya mawese, dagaa wakavu, chumvi na sabuni. Wanaoshuka wamebeba makaa, ndizi, viazi na maharage. Sehemu kubwa ya mzigo huo iko juu ya baiskeli, na kwenye miinuko mwenye baiskeli hajaipanda: yuko nyuma yake, anaisukuma.

Tulipita njia hiyo wakati wa kiangazi tukiwa kundi dogo la marafiki, wengine kutoka Kigoma, wengine wenyeji wa Rumonge, pamoja na dada mmoja mwalimu wa shule ya msingi. Tulikuwa na mahema, sufuria mbili, pampu, viraka na mablanketi. Nia yetu ilikuwa kupanda mabonde taratibu, kulala njiani, kufika kwenye chemchemi ya Mto Nile kule Rutovu, kisha kushuka. Sisi wa Kigoma tulivuka mpaka kwa njia ya Manyovu na Mugina, tukateremka hadi Nyanza-Lac na kufuata ziwa kuelekea kaskazini. Njia hiyo ni tambarare, inapita karibu na msitu wa Kigwena, masalia ya msitu wa tambarare uliowahi kuenea kando ya ziwa, na baada ya hapo michikichi inaanza kutawala macho.

Rumonge ni mji wa mawese. Michikichi iko kila mahali: nyuma ya nyumba, kando ya barabara, juu ya vilima vya kwanza. Viwanda vidogo vya kukamua viko kwenye vibanda vya mabati, na harufu ya chikichi zinazochemka hukupokea kabla hujaona nyumba ya kwanza. Ni mji wa samaki pia: ndagala, yaani dagaa wetu wa Kigoma, na mukeke, ambaye sisi tunamwita mgebuka. Kiswahili kinasikika sokoni, msikitini, mwaloni na kwenye vijiwe vya baiskeli, na mtu wa Ujiji hahitaji mkalimani hapa. Uhusiano huo ni wa zamani. Mwaka 1871, Livingstone na Stanley walipotoka Ujiji kwa mtumbwi kwenda kutazama ncha ya kaskazini ya ziwa, walipita mbele ya ufuo huu. Mwaka 1879 Mapadre Weupe walifungua kituo Rumonge, na Mei 4, 1881, wamisionari watatu wakauawa hapo, kituo kikafa.

Kuna historia ya karibu zaidi, nayo bado inauma. Machafuko ya mwaka 1972 yaliikumba Rumonge na Nyanza-Lac tangu siku za mwanzo, na maelfu kwa maelfu ya watu walikimbilia Tanzania. Waliporudi miongo mingi baadaye, wengi walikuta mashamba yao ya michikichi yana wenyewe wengine, waliokuwa wamepewa au wamenunua na kulea watoto humo. Tume na mahakama zimeshughulikia migogoro hiyo kwa miaka. Nimeitaja kwa sababu mpita njia anaweza kuiona michikichi kama mandhari tu. Kwa watu wa hapa, mchikichi mmoja unaweza kuwa ndio ushahidi wa kwamba babu aliishi mahali fulani.

Siku ya kupanda tuliondoka kabla jua halijachomoza. Ziwa liko kiasi cha mita 770 juu ya usawa wa bahari, na Bururi iko juu ya mita 1,800, kwa hiyo ndani ya kilomita chache unapanda zaidi ya mita 1,000. Warundi wameigawa nchi hiyo kwa majina ambayo mwendesha baiskeli huyaelewa kwa miguu yake. Imbo ni bonde la joto la kando ya ziwa. Mumirwa ni mteremko mkali wenye makorongo, mihogo, ndizi na kahawa. Bututsi ni nyanda za juu zenye baridi, nyasi na ng'ombe wenye pembe ndefu. Katika siku moja ya kupanda, shati linalolowa jasho asubuhi huvaliwa chini ya sweta jioni.

Kwenye Mumirwa ndiko tulikokutana na mzee aliyekuwa akisukuma mawese. Baiskeli yake ilikuwa Phoenix, ile nyeusi ya Kichina ambayo Afrika Mashariki nzima inaifahamu, lakini ilikuwa imefanyiwa kazi. Fremu iliongezwa vyuma viwili vya kuchomelea kutoka chini ya kiti hadi ekseli ya nyuma. Karia ilipanuliwa kwa mbao. Madumu manne ya lita 20 yalining'inia mawili kila upande, yamefungwa kwa mipira iliyokatwa kutoka kwenye tyubu kuukuu, fundo juu ya fundo, hata dumu moja halikutikisika. Mkono wa kushoto ulishika usukani, wa kulia ulisukuma karia, na bega lilikuwa limeegemea dumu la juu. Kila baada ya hatua kadhaa alisimama, akaweka jiwe nyuma ya gurudumu kwa mguu, akapumua, kisha akaendelea.

"Shikamoo mzee," tulimsalimu.

"Marahaba wanangu. Mnapeleka nini huko juu?"

"Hatupeleki kitu, mzee. Tunatembea tu, tunalala kwenye mahema."

Alitutazama, akatazama baiskeli zetu zenye gia nyingi, akaitikia kwa kichwa. "Ni vizuri kuijua nchi. Lakini kwenye kona ya juu msipumzike barabarani. Lori likishuka halina pa kukukwepea. Ingieni kwenye majani."

Tulifuata alichosema, na kwenye kona hiyo tulielewa. Ukuta wa mlima uko upande mmoja, korongo upande mwingine, na lami inaishia palepale inapoanza hewa. Hakuna bega la barabara. Mtu anayesukuma lita 80 za mafuta hawezi kuruka majanini kwa sekunde mbili. Anachoweza kufanya ni kutumaini kwamba dereva amemwona.

Mwenzetu fundi baiskeli wa Rumonge ndiye aliyekuwa mkuu wa msafara bila kuchaguliwa. Alipanda na Phoenix yake isiyo na gia, na kila tulipopumzika alikuwa akikagua spoki za wengine kwa kuzigonga kwa kidole, akisikiliza ipi imelegea. Alituambia kwamba mteremko ndio unaoua baiskeli, kupanda kunachosha mwili tu. Mtu anayeshuka na mikungu ya ndizi au magunia ya makaa huchoma raba za breki zikaisha kabla ya kufika chini, na akikosa raba hukata vipande vya tairi kuukuu akavifunga mahali pake. Tuliona baiskeli moja iliyofungwa hivyo, na mwenye nayo, kijana wa miaka kama 20, alikuwa ameketi kando ya barabara akisubiri rimu ipoe. Alipoigusa kwa mate, yalichemka.

Makaa hayo yana gharama ambayo haionekani kwenye gunia. Juu ya Rumonge, kuelekea Vyanda, kuna misitu ya miombo ambayo bado ina sokwe wachache, na miti inakatwa kwa ajili ya majiko ya mijini. Sikuona mtu wa kumlaumu miongoni mwa vijana wanaoshusha makaa. Wanaopika ni watu wa Rumonge na Bujumbura, na wao wanabeba tu. Lakini mwaka hadi mwaka mlima unabaki wazi, mvua ikija udongo unateremka, na barabara ya kando ya ziwa inakatika. Mwaka 2015 maporomoko ya Gitaza, kaskazini mwa Rumonge, yalifukia nyumba na kuifunga barabara kuu ya RN3. Kwa upande wa pili ziwa lenyewe limepanda katika miaka ya karibuni. Maji yaliingia kwenye nyumba za ufuo, na mvua za mwaka 2024 zilizidisha hali hiyo. Maji ya Tanganyika yana mlango mmoja tu wa kutokea, Mto Lukuga upande wa Kongo, hivyo yakijaa hayaondoki upesi.

Jioni ya kwanza tulitafuta mahali pa kulala. Burundi haina kawaida ya kumwona mgeni akijenga hema popote anapojisikia, na ni sawa iwe hivyo, kwa sababu kila kipande cha mteremko kina mwenyewe na karibu kila kipande kimelimwa. Dada yetu mwalimu alikwenda kwa mkuu wa kilima, yaani kiongozi wa eneo lile, akajieleza kwa Kirundi, akaonyesha pasi zetu. Mkuu alizisoma zote kwa utulivu, akaandika majina kwenye daftari, kisha akatuonyesha uwanja wa shule. Baadaye alirudi na vijana wawili wa kulinda baiskeli, na mama mmoja wa jirani akaleta maharage na ugali wa muhogo. Sisi tulikuwa na dagaa wa Rumonge, tukawapa. Mgeni njoo, mwenyeji apone: usiku ule watoto walikula samaki mlimani.

Kutoka uwanjani pale ziwa lote lilikuwa chini yetu. Giza lilipoingia, taa za wavuvi zilianza kuwaka, kwanza chache karibu na ufuo, halafu safu ndefu hadi kuelekea milima ya Kongo. Dagaa huvutwa na mwanga, kwa hiyo wavuvi hutafuta giza, na siku za mbalamwezi kali hupumzika. Siku hizi wana sababu nyingine ya kupumzika. Nchi nne zinazolizunguka ziwa, yaani Burundi, Tanzania, Kongo na Zambia, zimekubaliana kulifunga kwa uvuvi kwa muda kila mwaka ili samaki wazaane. Upande wa Tanzania mwaka 2024 lilifungwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15. Ni uamuzi mgumu kwa mvuvi na kwa anayepandisha dagaa mlimani, maana baiskeli zao hukosa mzigo, lakini naamini ni sahihi. Mimi ni mtoto wa Kigoma. Nimewasikia wazee wakieleza samaki waliokuwa wakivuliwa zamani, na nimeona kinachovuliwa leo.

Bururi ilitupokea kwa ukungu. Mji ni mdogo, uko juu, na upande mmoja umeegemewa na msitu wa milimani uliohifadhiwa, wa takriban hekta 3,300. Humo wamo sokwe, na humo alipatikana tena chura wa ajabu. Mwaka 1949 wanasayansi walikusanya chura mdogo mwenye madoa ya buluu, ambaye madume yake yana kidole kimoja kirefu kupita kiasi, kisha hakuonekana tena kwa miongo sita. Vita vilipita, misitu ikakatwa, wengi wakadhani ametoweka. Desemba 2011 watafiti wakamkuta akiwa hai Bururi. Tuliingia kwa ruhusa na mwongozaji, tukaacha baiskeli nje. Hatukumwona chura wala sokwe. Tuliona mifereji midogo ya maji safi ikitoka chini ya mizizi, na hiyo ilitosha, kwa sababu kuanzia hapo safari yetu ilikuwa safari ya kufuata maji.

Jambo ambalo ramani hailisemi kwa nguvu ya kutosha ni hili: juu ya mabonde hayo ndipo Afrika inapogawana mvua. Tone linaloanguka upande wa magharibi wa mgongo wa milima huingia Mto Mulembwe, ambao pamoja na mwenzake Jiji uko kwenye mradi wa umeme wa takriban megawati 50, kisha hushuka Tanganyika, hutoka kwa Lukuga, huingia Mto Kongo na kufika Bahari ya Atlantiki. Tone linaloanguka upande wa mashariki huingia Ruvyironza, halafu Ruvubu, halafu Kagera karibu na maporomoko ya Rusumo, hufika Ziwa Viktoria, na kutoka hapo ni Nile hadi Misri. Kwa baiskeli unavuka mgawanyiko huo kati ya kunywa chai na kula chakula cha mchana. Unajua tu kwa sababu ghafla mito inakwenda mbele yako badala ya kuja kukupokea.

Huko Rutovu, kwenye chemchemi ya Kasumo, kuna piramidi ndogo ya mawe iliyojengwa mwaka 1938 kuashiria chanzo cha kusini kabisa cha Nile. Mjerumani Burkhart Waldecker ndiye aliyekitafuta na kukitangaza. Lakini wenyeji walikuwa wakichota maji hapo siku zote. Maji yanatoka kwenye bomba kama la kawaida la kijijini, na mtoto aliyekuja na kidumu chake alijaza, akatuangalia tukipiga picha, akaenda zake. Tulijenga hema si mbali, kwa ruhusa ileile ya mkuu wa kilima. Usiku huo baridi ilikuwa kali, na mtu yeyote anayepanga safari hii asidanganyike na joto la Rumonge: blanketi moja halitoshi.

Kando ya njia tulizungumza sana na vijana wenye baiskeli za abiria. Tangu 2021 Burundi imekumbwa mara kwa mara na uhaba wa petroli na dizeli. Foleni za magari zimelala vituoni, mabasi yamepungua, watu wametembea kilomita nyingi kwenda kazini. Katika hali hiyo baiskeli ndiyo iliyozuia nchi kusimama. Mwalimu huenda shule kwa baiskeli ya kukodi, mgonjwa hupelekwa kituo cha afya kwa karia, mawese hupanda na maharage hushuka. Na bado, Machi 2022 serikali ilizuia baiskeli, pikipiki na bajaji kuingia katikati ya Bujumbura. Naelewa hoja ya usalama na msongamano. Lakini sioni haki ya kumwondoa barabarani anayebeba chakula, ilhali gari lililokosa mafuta halimbebi mtu.

Jirani wa kaskazini ametoa mfano wa namna nyingine ya kuitazama baiskeli. Septemba 2025 Kigali ilikuwa mwenyeji wa mashindano ya dunia ya baiskeli ya barabarani, ya kwanza kufanyika Afrika, na Tadej Pogačar wa Slovenia akachukua ubingwa wa mbio za barabarani za wanaume. Dunia nzima iliona jinsi vilima vya kwetu vinavyotisha hata mabingwa. Vilima vya Bururi ni ndugu wa vile vya Kigali. Lakini sitaki tuanze na mashindano. Tuanze na barabara ambayo mzee wa mawese anaweza kuipanda bila kuogopa kona.

Kushuka kulituchukua sehemu ndogo ya muda wa kupanda. Fundi alitupanga mmoja mmoja kwa nafasi kubwa, akaagiza tusibane breki mfululizo bali tubane na kuachia, na tusimame kila kijiji rimu zipoe. Malori mawili yalitupita, na nyuma ya moja kulikuwa na kijana aliyeshika chuma cha bodi kwa mkono mmoja, baiskeli yake imejaa ndizi. Desturi hiyo ya kushikilia lori ipo kwenye milima mingi ya Burundi, na imekwisha kuua vijana. Polisi wanaikataza. Itaisha siku kijana huyo atakapokuwa na njia nyingine ya kumaliza mteremko au mpando akiwa salama na mzigo wake. Kabla ya Rumonge tulikwenda kwenye chemchemi za maji moto za Mugara, tukakaa ndani ya maji hadi magoti yakaacha kulalamika, kisha tukaingia mjini tukala mukeke wa kuchoma.

Kwa wasomaji wa Kigoma, Bujumbura, Uvira au Kigali wanaotaka kuifanya safari hii: nendeni kati ya Juni na Agosti, mvua ikiwa imekatika. Bebeni raba za breki za akiba, spoki na sweta nzito. Msilale kando kabisa ya ziwa, maana mamba na viboko wapo. Kila jioni nendeni kwanza kwa mkuu wa kilima, salimuni, onyesheni vitambulisho, ndipo mfungue hema. Nunueni chakula kwa watu mnaopita kwao. Mkikutana na mtu anasukuma mzigo kwenye mpando, mpisheni, na akikubali, shikeni karia mumsaidie hadi kwenye kona inayofuata.

Na kwa wahandisi na wakubwa wa barabara: sehemu ya RN3 kati ya Rumonge na Gitaza, kilomita 45, iliidhinishiwa fedha za ukarabati na Benki ya Maendeleo ya Afrika mwaka 2018. Barabara ya Bururi nayo itafikiwa na matengenezo siku moja. Tunaomba kila mnapomwaga lami kusini mwa Burundi muache bega pana la pande zote mbili, lenye lami, lililotenganishwa kwa mstari unaoonekana usiku, na kwenye kona kali muongeze mahali pa baiskeli kusimama. Anayepandisha mawese analipa ushuru sokoni kama mwenye lori. Mpeni njia yake.